Watu wa Kibarazani

Kwa miaka ishirini na sita Nyoosha alikuwa mhudumu wa maktaba ya katikati ya mji, na katika miaka yote hiyo hakikulala kitabu upande mbele ya macho yake kikaachwa hivyo. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili la ajira. Wasomaji walimwita Nyoosha kwa sababu neno hilo lilikuwa mdomoni mwake kutwa nzima: nyoosha kiti, nyoosha gazeti, nyoosha mgongo wewe, hapa si kitandani. Shule aliiacha darasa la nne. Kusoma alijua, ila kwa kujikokota, kidole kikitangulia mbele.

Maktaba yenyewe ilikuwa jengo la ghorofa moja lililobanwa kati ya benki na duka la vipuri. Chini waliazimisha vitabu. Juu kulikuwa na chumba cha kusomea, meza nane ndefu na mapangaboi mawili, moja limegoma. Kuazima kulitaka kadi, na kadi ilitaka barua ya mwajiri au karatasi za nyumba. Kwa hiyo wenye kazi na nyumba walikuja chini, wakaazima, wakaenda zao. Wasio navyo walipanda juu, wakakaa.

Hao wa juu Nyoosha aliwajua kama anavyowajua watu wa nyumbani kwake. Kulikuwa na Taipu, mzee aliyepiga chapa mahakamani mpaka kompyuta zikamfukuza, ambaye kila asubuhi alianza gazeti kwenye matangazo ya vifo. "Naangalia kama nimo," alisema. "Nisipojiona, naendelea na michezo." Kulikuwa na Gunia, mpagazi wa sokoni, aliyekuja mchana, akafungua kitabu kikubwa cha ramani, akakitazama kwa heshima zote dakika tano, kisha akakilalia. Kulikuwa na vijana waliojaza fomu za kuomba kazi huku simu zao zinachaji. Na kulikuwa na Wakili.

Wakili alikuwa muuza mkaa. Mumewe alipofariki, ndugu wa mume walimtoa kwenye nyumba waliyoijenga wote wawili, tofali kwa tofali, wakaweka kufuli mpya. Uwezo wa kulipa wakili hakuwa nao. Basi akaamua atakuwa wakili mwenyewe. Mwaka wa tatu sasa, kila siku saa nane mchana alipanda ngazi, akanawa bombani mpaka viwiko, akakaa na juzuu za sheria ya mirathi, zile nne nene ambazo haziruhusiwi kutoka chumbani. Mara mbili kesi ilikuwa imeahirishwa. Sasa ilikuwa na tarehe.

"Wakili, leo unamshitaki nani?" Nyoosha humuuliza.

"Leo nakushitaki wewe. Kiti hiki kina msumari."

"Ushahidi uko wapi?"

"Uko nyuma ya gauni langu, kaka, na siutoi mbele ya Taipu."

"Mimi sioni vizuri," Taipu anadakia bila kuinua gazeti. "Toeni tu ushahidi."

Hivyo ndivyo walivyoishi humo ndani.

Siku moja mkutubi mkuu, ambaye wote walimwita Bosi, alimwita Nyoosha ofisini akafunga mlango. Bosi alikuwa mama mwenye miguu iliyovimba na sauti ya chini. Alimwambia baraza la mji linalitaka jengo. Hawajaamua, ila wanalitaka. "Wanaleta mtu wa kutukagua mwezi mzima," alisema. "Akiridhika, tumepona. Asiporidhika, vitabu vinapelekwa kwenye stoo ya mkoa na sisi tunatafuta pa kwenda. Nakutegemea wewe huko juu."

Hakueleza zaidi, kwa sababu aliona hakuna la kueleza. Siku tatu baadaye shinikizo la damu lilimwangusha sokoni, akalazwa. Chini alibaki karani wa kuazimisha, mtu wa goti bovu ambaye ngazi za juu alizitazama kama mlima. Kwa hiyo juu alibaki Nyoosha peke yake na maneno yale: nakutegemea wewe.

Sasa Nyoosha alikuwa anaujua ukaguzi wa aina moja tu. Miaka mingi nyuma alikuja mkaguzi mwenye suti, akapitisha kidole juu ya rafu, akakigeuza, akamwonyesha vumbi mbele ya wasomaji wote. Ikafuata barua ya onyo. Barua ile aliitunza chini ya godoro, na mkewe alipokuwa hai alimtania kuwa watu huficha barua za mapenzi, yeye anaficha barua ya vumbi. Lakini Nyoosha hakucheka hata siku moja. Kile kidole kilikuwa bado kinamchoma.

Mkaguzi wa safari hii alikuwa binti mwembamba mwenye ubao wa karatasi. Alifika siku ya kwanza saa kumi jioni, akasalimia kwa kichwa, akazunguka kati ya meza. Chumba kilikuwa kama kilivyo siku zote: watu hawana pa kuweka viwiko, vitabu vimerundikana mezani, Gunia anakoroma juu ya bara zima, waya za simu zimetanda sakafuni, na Wakili ameweka kando ya juzuu yake mfuko wake wenye weusi. Binti aliandika. Akaandika tena. Alijaza ukurasa mzima, akageuza, akaendelea nyuma yake.

Nyoosha alimtazama akiwa amesimama na dekio mkononi. Ukurasa mzima wa makosa.

Kesho yake saa tisa na nusu alipiga makofi mara mbili. "Jamani, sikilizeni. Huyu binti ana nguvu ya kutufungia. Jana ametuandika vibaya. Tusaidiane. Kila kitabu kirudi kwenye rafu kabla hajafika."

"Na mimi bado nasoma?" aliuliza Wakili.

"Utaendelea akiondoka. Ni robo saa tu."

Walisaidiana. Taipu alikunja magazeti. Vijana walichomoa waya. Kitabu hata kimoja hakikubaki mezani. Binti alikuja, akazunguka, na safari hii aliandika mistari michache tu. Nyoosha aliihesabu kwa mbali, roho ikatulia kidogo.

Siku ya tatu akaona haitoshi. Vitabu vimenyooka, sawa, ila watu je? Aliwatazama wakaaji wake kwa jicho la mgeni, na ilikuwa kama anawaona mara ya kwanza: kandambili zilizofungwa na waya, shati lililotoboka kwapani, mtu amelala mdomo wazi. Akamgusa Gunia begani. "Ndugu yangu, hebu kapumzike pale kibarazani kidogo, mkaguzi anapita." Akawaambia hivyo vijana. Akamwambia Taipu, ambaye koti lake lilikuwa na kiraka. Akamfikia Wakili, akasita.

"Na mimi?" aliuliza Wakili.

"Robo saa tu, dada."

Alichukua mfuko wake, akaenda. Kibaraza kilikuwa nyuma, upande wa mapipa ya taka ya benki, na jua la jioni lilikipiga moja kwa moja. Walikaa huko watu thelathini, arobaini, kimya kama watoto waliofukuzwa darasani, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu Nyoosha aliwaambia ni kwa ajili ya maktaba. Wakili ndiye aliyeomba ufagio, akakifagia kibaraza chenyewe. "Asije akachungulia na huku," alisema.

Ndani walibaki watatu au wanne waliovaa vizuri: mwanafunzi wa chuo, mama mmoja wa ofisi, bwana wa benki aliyekuja kukimbia joto. Binti aliandika mstari mmoja.

Ikawa desturi. Wiki ya pili hawakungoja kuambiwa. Ikifika saa tisa na nusu Taipu alitazama saa ya ukutani, akasimama, akasema, "Waheshimiwa, tukajifiche," nao wakacheka, wakarudisha vitabu, wakatoka kwa mstari. Na kadiri siku zilivyokwenda ndivyo binti alivyoandika kidogo. Siku ya mwisho alizunguka, akatazama meza nane tupu zinazong'aa, akachora kitu kimoja tu cha mviringo kwenye karatasi yake, akasema, "Asante, mzee. Nimemaliza."

Nyoosha alikwenda kibarazani mbio, kwa umri wake ule. "Hakuandika kosa hata moja," alisema.

Walipeana mikono. Gunia alimkumbatia akamwinua juu kama mzigo. Wakili alikaa kwenye ngazi, akafuta macho kwa kiganja, akajipaka weusi shavuni bila kujua, akasema kesi yake sasa ina pa kulala na pa kuamkia. Siku ile Nyoosha alifika nyumbani akakaa kwenye kochi peke yake, akatabasamu ukutani kama mtu aliyeposa.

Bosi alirudi kazini wiki mbili baada ya ukaguzi kwisha, akiwa amepungua nusu. Alimkuta Nyoosha anapanga viti. Hakumsalimia. Alikuwa na bahasha ya kaki mkononi.

"Nyoosha, nilipokuwa hospitali watu walikwenda wapi?"

"Watu gani, Bosi?"

"Wasomaji. Hapa wameandika, tangu siku ya tatu, wastani wa wasomaji wanne kwa siku. Vitabu vilivyotumika chumbani, kimoja. Siku ya mwisho, sifuri." Alivua miwani. "Siku ya kwanza watu arobaini na watatu na vitabu themanini na tisa, halafu ghafla hakuna mtu. Kulikuwa na ugonjwa?"

Nyoosha alisikia maneno lakini yalikuwa hayajaingia. "Alikuwa anahesabu watu?"

"Sasa ulidhani anahesabu nini?"

"Makosa," alisema Nyoosha.

 Bosi akavuta kiti, kile kile alichokuwa Nyoosha amekinyoosha, akakaa kikiwa kimepinda, na Nyoosha akaacha kipinde. Alimweleza yote, neno kwa neno, mpaka ufagio wa Wakili.  Alipomaliza, mama yule alisema tu, "Kosa langu pia. Nilisema kukagua, sikusema kuhesabu." Lakini alisema huku anatazama dirishani, na Nyoosha alijua anamwonea huruma, jambo ambalo lilimuuma kuliko kama angetukanwa.

Baraza lilikwishaamua kulichukua jengo, ila kulikuwa na nafasi moja. Kamati ya baraza ingekaa Jumatano kusikiliza pingamizi, kisha basi. Ilibidi awaambie wa juu. Aliwaambia akiwa amesimama katikati ya chumba. Hakuna aliyepandisha sauti. Kijana mmoja alisonya, akachomoa simu yake, akashuka ngazi. Taipu alitoa miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ulitaka wageni waone pasafi," Wakili alisema mwishowe. "Hilo linaelezeka. Leteni karatasi."

Aliandika pingamizi kwa mkono, kurasa mbili. Aliandika kwamba uamuzi uliosimama juu ya hesabu yenye kasoro unaweza kuangaliwa upya, na kwamba mhudumu mwenyewe atafika kueleza kasoro ilitokea vipi. Taipu alilisoma akasema katika miaka thelathini ya kupiga chapa hati za mawakili hajaona pingamizi lililonyooka hivyo. Kwa siku nne walitembea na matumaini, wakiogopa kuyataja.

Jumatano walikwenda watano: Bosi, Nyoosha, Taipu, Gunia aliyeazima shati, na Wakili aliyevaa gauni la kwenda mahakamani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa bwana mpole wa miaka hamsini hivi, na upole huo ulimpa Nyoosha moyo.

"Nimesoma pingamizi," alisema mwenyekiti. "Limeandikwa vizuri sana. Mzee, kwa kawaida chumba kile kina watu wangapi?"

"Arobaini, mheshimiwa. Siku ya mvua, hamsini."

"Na mkaguzi wetu hakuwaona."

"Niliwatoa."

"Vitabu nimeelewa. Mtu anaweza kupanga vitabu kwa kupenda usafi. Ila watu uliwatoa kwa nini?"

Hapo ndipo Nyoosha angeweza kusema lolote. Angeweza kusema joto. Angeweza kusema alikuwa anapiga deki. Lakini alikuwa amekuja na nia ya kusema kweli tupu, akiamini kweli ndiyo itakayowaokoa, na kweli ilimtoka nzima nzima kama mtu anayetapika.

"Niliona haya," alisema. "Nilisema mkiwaona watu hawa mtasema hii si maktaba. Mmoja analala. Wengine wanachaji simu. Mwingine koti lina viraka. Mwingine ana mkaa mikononi. Nikasema wakibaki wale waliovaa vizuri, mtaona ni mahali pa maana."

Mwenyekiti aliandika. Aliandika taratibu, kisha akasoma alichoandika, kwa sauti ile ile ya upole: kwamba kwa maneno ya mhudumu mwenyewe, wengi wa wanaokaa chumbani huja kulala na kuchaji simu. Akauliza wenzake wawili kama wana swali. Hawakuwa nalo. Akasema kamati inashukuru kwa ukweli huo, ila inaona mahitaji ya namna hiyo si ya maktaba, na uamuzi unabaki pale pale.

Wakili alisimama. "Mheshimiwa, mimi siendi pale kulala. Nasoma."

Mwenyekiti alimtazama. "Wewe ndiye mwenye mkaa?"



"Ni mimi," alisema Wakili, akaketi.

Walipotoka nje Gunia alijaribu. "Mzee, mimi kweli huwa nalala," alisema. "Hukunisingizia." Taipu alimshika Nyoosha mkono kushuka ngazi. Wakili alitangulia. Hakugeuka. Walimwona anavuka barabara na gauni lake la mahakamani, akapotea kwenye watu.

Siku tisa hakuonekana. Huko juu walianza kupakia. Watu wa lori walitupa vitabu kwenye maboksi kama viazi, na Nyoosha aliwafuata nyuma akivitoa na kuvipanga upya kwa namba, mpaka msimamizi wao akamwambia, "Baba, huko stoo hakuna rafu. Unampangia nani?" Aliendelea kupanga. Hakujua kufanya kitu kingine. Zile juzuu nne za mirathi alizisogeza ziwe za mwisho, siku baada ya siku, na kila ngazi zilipolia aligeuza shingo.

Alikuja siku ya mwisho, saa tano asubuhi, na mikono yenye mkaa. Hakupitia bombani. Alikuwa na daftari jipya.

"Juzuu ya tatu iko wapi?" Hakumwita kaka. Hakumwita chochote.

Nyoosha aliileta kwa mikono miwili. "Chukua uende nayo," alisema kwa sauti ya chini. "Nitasema ilipotea."

"Niende mahakamani na kitabu cha wizi? Kina mhuri wenu kila ukurasa."

"Basi twende duka la fotokopi."

"Nimepita hapo. Umeme hakuna mtaa mzima tangu alfajiri, na simu zetu hizi hazina kamera." Alivuta boksi akalifanya meza, kwani meza zilikwishaondoka. "Kesi ni Jumatatu. Wenzangu wana wakili mwenye joho. Maana ya sheria ninayo kichwani, ila hakimu hataki maana, anataka maneno yenyewe. Nikiinua macho napoteza mstari. Soma. Mimi naandika."

"Dada, mimi kusoma kwangu..."

"Soma."

Akasoma. Aliinama juu ya kurasa zile na kidole chake, akisukuma neno moja baada ya jingine kama mtu anayesukuma toroli kwenye mchanga. Maneno marefu yalimkwama kooni. Wakili alimsahihisha bila kuinua uso, kwa sauti kavu, naye akarudia, akaendelea. Watu wa lori walipita kushoto na kulia na maboksi. Mara moja Nyoosha aliacha kusoma, akasema, "Yale niliyosema kule," na Wakili akasema, "Ukurasa wa mia mbili na kumi na nne," naye akafungua ukurasa wa mia mbili na kumi na nne.

Alihitaji kurasa ishirini. Saa saba mchana walikuwa wamemaliza tisa. Msimamizi wa lori alikuja akasimama juu yao. Hakuwa mtu mbaya. Alisubiri kidogo, akatazama saa, akasubiri tena.

"Baba, gari linaondoka. Hicho ndicho kimebaki, na kimo kwenye orodha."

Nyoosha alirudisha kidole kwenye mstari. Aliharakisha, na kuharakisha kukamfanya ajikwae zaidi. "Mjane aliyeishi katika nyumba ya ndoa," alisoma, "hata... hataondolewa katika nyumba hiyo... isipokuwa..."

Msimamizi alikitoa kitabu mikononi mwake, polepole, kama mtu anayemchukua mtoto aliyelala, akashuka nacho. Chini mlango wa lori ulifungwa.

Wakili alikuwa ameandika neno la mwisho. Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi.

"Isipokuwa nini?" aliuliza.

"Sikufika," alisema Nyoosha.

Wakili alingoja kidogo, labda akiyatafuta maneno hayo kichwani mwake mwenyewe. Kisha akaacha mistari mitatu mitupu, akafunga daftari, akalifunga vizuri kwenye nailoni lisichafuke, akasimama akavuta gauni lake sawa. Alipofika mlangoni aliusogeza kwa bega ili asiuguse kwa mikono yenye mkaa.

Nyoosha alimsikiliza akishuka ngazi mpaka ya mwisho.